Mama Lusungu Anakaa Fungu Gani?

Saa moja na nusu asubuhi, vitenge vitatu vimetandikwa uwanjani, shule moja ya msingi huko Chanika. Mpita njia angedhani kuna msiba. Ni somo la jiografia, darasa la sita.

"Kila mtu asimame kwenye kazi ya mama yake," anaamuru Mwalimu Genoveva Komba. Kitenge cha kwanza ni cha wanaotoa mali ardhini, cha pili wanaotengeneza vitu, cha tatu wanaouza na kuhudumia.

Mbio zinaanza. Watoto kumi na tisa wanabaki mchangani.

"Nyie vipi?"

"Mama zetu hawana kazi, mwalimu," anajibu Lusungu.

"Wako anashindaje?"

"Analima mchicha, anauuza, jioni anakaanga mihogo."

"Haya, nenda kasimame."

Lusungu anatanua miguu juu ya vitenge viwili. Anatazama cha tatu. "Mwalimu, mguu umeisha."

Hata mwalimu anacheka. Kisha ubishi unawaka. Mwenzake Hamida anasema kwa muda anaoutumia, mama huyo ni mkulima. Kwa hela, muuza mihogo.

"Hapo ndipo nilipokuwa nawataka," anasema Genoveva, mzaliwa wa Songea. "Zamani nikiwaambia waandike kuhusu Chanika, wananimwagia kapu zima: mchicha, bodaboda, mvua, kuku. Unasoma huoni pa kushika. Sasa wanajiuliza kwanza, napanga kwa kigezo gani?"

Lakini vitenge hivyo vilikuwa na kesi. Mwalimu mkuu, Polikarpo Haule, mtu wa chaki na kimya, hakupenda kelele za uwanjani. Alimwambia Genoveva: mtihani wa muhula ukiharibika, vitenge vikunjwe, watoto warudi kunakili ubaoni.

Insha za mtihani huo Haule alizisahihisha mwenyewe, wiki iliyopita.

"Nilitafuta mvua iliyochanganywa kwenye fungu la kazi nikaikosa," anasema mwalimu mkuu, uso mkavu kama dagaa. "Vitenge vibaki. Kelele zipungue."

Kelele hazijapungua.

Sasa Genoveva anatafuta basi la kuwapeleka watoto mtaa mwingine, Kimara, wakaupange nao kwa mafungu: ni mahali pa kulala, pa biashara, au pa kupita tu?

"Wakirudi wamekubaliana wote, nitajua hawakutazama," anasema. "Wakirudi wanabishana, hapo wana insha."