Mkalimani Anayesaka Intaneti Isiyogandisha Mikono Yake

Mikono yake inakwenda mbio mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye cherehani. Ni saa tisa alasiri, chumbani kwa jirani yake mshonaji. Mtaani wanamwita Mama Mikono, mkalimani wa lugha ya alama, na leo amekuja kuomba kitu ambacho majirani hawajazoea kuombwa: aijaribu intaneti yao kwa dakika kumi.

Upande wa pili wa simu yuko kaka yake mkubwa, fundi seremala, kiziwi tangu kuzaliwa. Mama Mikono anamwambia kwa alama: nusu kidonge asubuhi, kizima jioni, baada ya kula. Kisha anamtaka arudie.

Kaka anarudia. Kidonge asubuhi, kidonge jioni.

"Nusu imepotea," anasema Mama Mikono. "Hii nayo haifai." Ni kampuni ya pili wiki hii.

Mshonaji anashangaa. "Mbona mimi naangalia tamthilia zangu vizuri tu, haikwami hata kidogo?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapoingizwa mjini. Tamthilia inaingia ndani ya nyumba. Mikono ya mkalimani inatoka. Kampuni zinajisifia kasi ya kushusha. Ile ya kupandisha, inayobeba picha yako kwenda kwa mwenzako, huandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi, au haiandikwi kabisa.

Kazi ya ukalimani kwa simu ya video ameifanya kwa miaka sita. Muuguzi na mgonjwa kiziwi wanakaa mbele ya skrini hospitalini, naye anatafsiri akiwa nyumbani, mbele ya kitambaa cha buluu kilichopigiliwa ukutani ili vidole vionekane. Anapokea simu kumi na mbili hadi kumi na tano kwa siku, na analipwa kwa dakika.

Mwezi uliopita alimtafsiria mama mmoja kiziwi maelezo ya dawa ya mtoto wake. Yule mama aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

"Kwangu niliona kila kitu sawa," anasimulia, akikunja na kukunjua pindo la gauni lake. "Huwezi kujiona ukiganda. Kule mikono yangu ilikuwa imesimama, na mimi huku naendelea tu."

Mtoto alipewa kidonge kizima badala ya nusu kwa siku mbili. Alilala usingizi wa kutoamshika hadi akarudishwa hospitalini. Alipona. Aliyebaki mgonjwa ni mkalimani. "Simu ikiita, naogopa kuipokea," anasema.

Hospitali imempa hadi Ijumaa awe na laini ya kuaminika, la sivyo anaondolewa kazini. Leo ni Jumatano. Na kila kampuni inataka mkataba wa mwaka mzima, kwa hiyo akikosea, amekosea kwa mwaka.

Wauzaji wamepita kwake. Mmoja alimwambia, "Dada, na hii utaangalia mpira mpaka uchoke." Alipoulizwa kasi ya kupandisha, alikigeuza kipeperushi chake, akakigeuza tena, akampigia bosi wake. Bosi akasema ataulizia.

Mama Mikono anavuka barabara hadi kwa mwalimu mstaafu, anayetumia kampuni ndogo, yenye bei ya juu na kasi ya chini kuliko zote kwenye matangazo. Anasubiri makusudi hadi saa kumi na moja, watoto wametoka shule na kila nyumba iko mtandaoni. Anaanza. Kaka anarudia bila kukosea. Mara ya pili. Mara ya tisa.

"Mdogo wangu," kaka anamwambia kwa alama, "kwa dawa ulizonimezesha leo, ningeshazikwa."

Mama Mikono anacheka, kisha anamwomba mara ya kumi.

Alhamisi anatia saini, na mafundi wanavuta waya siku hiyohiyo. Ijumaa asubuhi inaingia simu ya kwanza. Mwandishi wa makala haya anasubiri nje ya mlango, maana mambo ya mgonjwa ni siri. Simu ya dakika kumi inachukua arobaini.

Anatoka macho yamelowa. "Picha haikuganda hata mara moja," anasema. "Alikuwa mzee. Nilipomaliza akaitikia vizuri kabisa. Nikamwambia, mzee wangu, hebu nirudishie nilichosema. Akamwangalia muuguzi, akaniangalia mimi, mikono yake ikabaki mapajani. Hakuwa ameelewa kitu. Aliitikia kwa sababu amezoea kuitikia. Umri wote ule, anasema hakuna aliyewahi kumuuliza."

Walianza upya, neno kwa neno, hadi akaelewa.

Jumatatu Mama Mikono atakwenda kumwona mkuu wa hospitali. Anataka iwe sheria: mgonjwa arudie maelezo kabla skrini haijazimwa. Tena ataomba ruhusa ya kuwapigia wagonjwa wake wa zamani, mmoja mmoja, akianza na wa mwezi huu. Anajua ataambiwa hakuna muda.

"Miaka sita," anasema. "Wote waliniitikia. Nataka kujua waliitikia nini."