Mashine Niliyoambiwa Ni Mgonjwa

Katika nyumba yetu ya Masisi, mashine ya kushona ilitunzwa kuliko watoto. Ni ile nyeusi ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, nzito hata wanaume wawili huhema wakiinyanyua. Mama alinifundisha kazi juu yake kwa sharti moja: vitenge, mashuka na nguo za komunio tu. Kitu kinene, hapana. Alisema imezeeka na moyo wake umechoka.

Nilimwamini. Vijana wanaoshusha maziwa kwa pikipiki kutoka malishoni walikuja mara nyingi kuniomba niwashonee mifuko ya turubai ya kubebea bidoni zao, yale madumu ya maziwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo ingeweza kunitoa kwenye kushona pindo za vitenge mwaka mzima. Niliwajibu kwamba mashine yangu ni mgonjwa, wakapeleka mifuko yao mjini Sake, nami nikabaki kumeza mate.

Siku moja, Mama akiwa shambani anapalilia maharagwe, mmoja wao alisimama mlangoni na mfuko uliopasuka, bidoni ikining'inia karibu kuanguka. Sake asingefika. Nilimhurumia. Nilifunga sindano nene kuliko zote nilizokuwa nazo, nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, nikiomba Mungu.

Sindano ilipita. Nikakunja turubai mara mbili, mara nne, nikaongeza mkanda wa ngozi ya ng'ombe, ngozi ngumu ya kuvunja meno. Ikapita tena, mishono imenyooka, hakuna hata mmoja ulioruka. Nilipigwa na butwaa. Mwenye mfuko alipoondoka sikuweza kuacha. Nilishona suruali ya jinzi iliyokunjwa mara nane. Nilishona gunia juu ya gunia. Mwisho, kwa wazimu tu, nilichukua ndala yangu ya mpira wa gurudumu la gari, na hapo ndipo sindano ilipovunjika, kipande kikaruka hadi ukutani. Mashine yenyewe haikutingishika.

Mama aliporudi alinikuta nimekaa chini na ndala mkononi. Nilingoja matusi. Yeye alitua jembe, akaangalia ile mishono ya gunia, akaketi.

"Nilikuwaka najua," alisema.

Nilimuuliza alijua nini.

"Kama iko na nguvu. Baba yako njo alikuwaka anashona nayo maturubai ya kufunika mizigo ya makamio. Wenye makamio wakamuita Sake, wakamuita mbali zaidi, mupaka Walikale. Akabakia kule na bibi mwingine. Nilienda kumutafuta. Yeye alikatala kurudi, mimi nikarudi na mashini. Kichwa ya mashini niliibeba mu mugongo, sawa mutoto."

Macho yalinitoka. Mimi nilikuwa nimeambiwa baba alikufa kwa homa nikiwa bado nanyonya. Kila mwaka, Novemba, tulimwombea misa ya marehemu, na mimi ndiye niliyepeleka jina lake kwa katekista. Nimepiga magoti kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakula ugali wake Walikale! Nilitaka kucheka, nilitaka kumpigia mama kelele, nikashindwa yote mawili. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili sikuwahi kuliota.

Nilimuuliza kama bado yuko hai.

"Sijui. Sikuulizaka tena."

Kisha akaingia chumbani. Nilimsikia akivuta sanduku lake la vitenge. Alirudi na kitambaa kilicholowa mafuta, na ndani yake sindano za turubai, nene, zinazong'aa, hazina hata doa la kutu. Mtu alikuwa akizipaka mafuta miaka hiyo yote.

"Shona mifuko yao," aliniambia. "Lakini wao njo wakuje hapa. Wewe usiwafuate."

Nilizipokea kwa mikono miwili, jinsi alivyonilea. Hasira ilikuwa bado haijaniisha, na sikumwambia asante.