Nilimsalimu Rubani Mpaka Akaondoka

Nimekosa jamani, na simsingizii shetani. Kidole kilikuwa changu.

Mimi ndiye ninayeshika redio kwenye kiwanja kidogo cha ndege huku Kibondo. Rubani akikaribia, namwambia upepo ukoje na njia ya kutua kama ni salama. Semina nzima tulifundishwa: bonyeza kitufe, sema kifupi, achia, sikiliza, kisha rudia ulichoambiwa. Ukiendelea kubonyeza, sauti yake haiingii.

Nikacheka. Mtu katoka kwao huko mbali, nimpe habari za upepo bila salamu? Sisi Waha hatukulelewa hivyo!

Siku hiyo ndege ilimfuata baba mkwe wangu, aliyevunjika nyonga, apelekwe kwa daktari wa mifupa Dar es Salaam. Alilazwa kwenye machela kando yangu. Nikataka ajue mwanawe hakuoa mtu wa mchezo. Nikabonyeza.

"Mwakeye rubani! Mmeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Mvua inanyesha huko? Huku maharage yamechanua..."

Ndege ikapita juu yetu, ikageuka, ikapita tena. Nikaona nimeheshimiwa! Nikapunga mkono, kidole kiko palepale.

"Mkamwana," baba mkwe akanong'ona, "mwache mtu ajibu."

Nikajua ni maumivu tu yanamsemesha.

Ilipozunguka mara ya tatu, pumzi ikaniisha, nikaachia kitufe. Sauti ikaingia, imechoka kabisa: "Nauliza tena, huyo ng'ombe njiani mtamtoa? Basi, mafuta hayaniruhusu kuzunguka zaidi. Nashuka Kigoma, mleteni mgonjwa kwa gari."

Nikageuka. Yesu wangu! Ng'ombe mwekundu, pembe moja. Wa kwangu! Nilimfunga mwenyewe asubuhi pembeni ya kiwanja, ale majani ya bure, naye kakata kamba.

Tukampakia mzee kwenye gari. Kila shimo kabla ya Kasulu alitaja jina langu. Baada ya Kasulu akaanza kumtaja mama yangu. Nililia njia nzima, aibu na huruma pamoja.

Alipona, namshukuru Mungu. Mimi nilipewa barua ya onyo, lakini adhabu yenyewe iko nyumbani. Kila nikipiga magoti kumsalimu, "Mwakeye baba, mmeamka...", ananyoosha fimbo yake.

"Achia kitufe, mkamwana. Umesikia nini? Rudia."

"Niachie kitufe, baba," narudia, mbele ya wageni.

Wenzangu mnaoshika redio, nawasihi: salamu mpeni mtu akishatua. Na ng'ombe mfungeni nyumbani.