Mke Mwenzangu na Mchezo Usio na Picha

Mke mwenzangu nilimpa jina la Karani siku ileile alipoingia, na sikumpa kwa mapenzi. Aliletwa na mume wangu, dereva wa lori, akiwa na begi moja la nguo na kompyuta kuukuu aliyoikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa mlangoni napiga pasi nguo za watu. Mume akasema, "Mama watoto, huyu ni mwenzako. Mpokee." Basi. Miaka yote niliyomzalia na kumfulia, habari ya mke wa pili nikapewa kama mtu anavyoambiwa gunia la mkaa limefika. Nikaitazama ile kompyuta, nikasema, "Karibu, Karani. Ofisi yako ni chumba kile cha ng'ambo."

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka wala hakununa. Alisema tu, "Ahsante, dada."

Ndivyo alivyokuwa. Mama yake alimfia mapema, akalelewa na shangazi aliyempa chakula na masimango katika sahani moja. Alipokua akajifunza kuchapa, akaajiriwa kwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi. Mume wetu alikwenda pale kutoa kopi ya leseni, akarudi na mke. Kabla hajaolewa kibanda kilifungwa, na tajiri wake alimwachia kompyuta moja kwa sababu hakuna mtu aliyeitaka. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi, ukaikuta bado inajifikiria.

Tulikaa nyumba moja bila kuzungumza. Ukumbi mwembamba ulitutenganisha, na mume akiwa safarini ulikuwa mpana kama mto. Nilimsikia akiibembeleza kompyuta yake: "Jikaze, bibi. Jikaze kidogo." Alikuwa akijaribu ile michezo ya kisasa, yenye magari yanayong'aa na askari wenye sura za watu. Kompyuta ilikoroma, ikapata joto, ikazima.

Kisha siku nyingi nikawa sisikii kubembeleza tena. Nilisikia kimya, na mara mojamoja mtu anajisemea, "Hapana. Nikifanya hivyo watakufa njaa." Nikadhani kichwa kimeanza kumruka.

Tulikuja kuzungumza kwa sababu ya pasi. Mkaa uliruka ukaniunguza kiganja, nikapiga kelele. Karani akatoka mbio na beseni la maji, akanitumbukiza mkono, kisha bila kuulizwa akaishika pasi na kumaliza nguo zote za wateja. Aliunguza kola moja tu. Mimi nikawa nimekaa na mkono uliofungwa kitambaa, sina kazi, na mtu aliyezoea kazi akikosa kazi huwa kama mgonjwa.

"Dada, njoo nikuonyeshe kitu," akasema.

Ndipo nikaingia chumbani kwake mara ya kwanza. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, kimejaa vialama vidogo.

"Hivi ni nini? Wadudu?"

"Ni kijiji."

"Kijiji gani hakina hata nyumba?"

"Hii ndiyo nyumba. Hii chemchemi. Na huyu ni mbuzi."

"Mbuzi gani hana miguu wala pembe! Huyu alishachinjwa, mwanangu, umechelewa."

Hapo alicheka, na mimi nikacheka, na nikajichukia kwa kucheka.

Akanieleza. Alipochoka na michezo mizito alianza kutafuta iliyo mepesi, akakuta kuna watu wasio na kampuni wala tajiri, wanakaa vyumbani mwao, mmoja mmoja, wanatunga michezo ya akili. Hawana uwezo wa kulipa wachoraji, kwa hiyo nguvu zote wanaziweka ndani. Alikuwa ameupata wa misafara ya chumvi, akaupata wa vita vinavyopiganwa kwenye ukungu, hujui adui yuko wapi mpaka umgonge. Picha hakuna. "Michezo ya picha nzuri ni kama ukumbi wa harusi," aliniambia. "Ukitoa mapambo unabaki na viti vya plastiki. Hii haina mapambo, lakini kaa ndani yake uone."

Mimi sikusoma. Msomi angeona herufi tu, lakini kwangu ile alama ilikuwa mbuzi tangu siku ya kwanza, na ile yenye mkia ilikuwa njaa. Labda ndiyo sababu sikupata shida.

Mchezo aliotaka tucheze ulikuwa wa watu wawili. Ulikuwa na kilima katikati, huku upande wangu, kule upande wake, na chemchemi moja tunayoichangia. Kila mmoja aliona upande wake tu. Zamu yake ilipofika mimi niligeuka nikaangalia ukuta. Zamu yangu ilipofika akageuka yeye. Kisha tunaambiana: mimi nina mbuzi hawa, mimi shamba langu limekauka, tuchote maji kiasi gani. Hakuna kushinda peke yako. Mnapona wote au mnakufa wote.

Na mchezo haukukataza uongo. Ungeweza kusema mbuzi wako wamekufa kumbe wamenenepa. Lakini uongo wa leo haukuadhibu leo. Ulikaa kimya ukikungoja, na misimu mingi baadaye chemchemi inakauka, nanyi mnaulizana imekuwaje. Vijiji vyetu vya mwanzo vilikufa vyote, kwa sababu kila mmoja alificha. Wake wenza hatukuzoea jambo jingine.

Tukaanza kuambiana kweli kwa sababu tulichoka kufa. Ulimi ukazoea. Siku moja zamu ilikuwa yangu, Karani ameelekea ukutani, akaniuliza bila kugeuka, "Dada, ni kweli ulisema nisishike sufuria zako kwa kuwa nina mkosi?"

"Nani kasema?"

"Mume wetu."

Nikaacha mchezo. "Mimi aliniambia wewe ndiye hutaki chakula changu. Eti unaogopa nitakutilia kitu."

Akageuka. Tukatazamana. Tukaanza kuulizana moja baada ya jingine, kama watu wanaotoa nguo za mtu mmoja kwenye kapu. Mume alimwambia Karani kwamba nilimwita tasa. Mimi akaniambia kwamba Karani aliniita mzee wa kunuka moshi. Hakuna kati yetu aliyeyasema hayo.

"Kumbe kuna mtu amekuwa akicheza pande zote mbili," Karani akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kuanzia hapo tulipika sufuria moja. Watoto wakaanza kumwita mama mdogo, na asubuhi alikuwa akinichochea mkaa wa pasi huku tunabishana juu ya chemchemi. Nasema wazi: miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kuulizwa "wewe unaonaje" mara nyingi kama nilivyoulizwa na mwanamke yule.

Mume akarudi safari. Kama kawaida alimletea kila mmoja zawadi kwa siri. Mimi alinipa kitambaa cha kichwa, akaninong'oneza, "Kilikuwa kimoja tu dukani. Usimwonyeshe mwenzako, ana wivu." Asubuhi mimi na Karani tukatokea ukumbini tumejifunga vitambaa vyetu. Rangi moja, maua yaleyale.

Alisimama na mswaki mdomoni.

"Mnanicheka?"

"Tunakushukuru, mume wetu," Karani akasema. "Duka lile lina baraka. Kitambaa kimoja kimezaa."

Nilijua palepale kwamba utani ule ungetugharimu. Mwanamume aliyezoea kutawala kwa kunong'ona hawezi kuvumilia nyumba inayosema kwa sauti.

Mchana akaniita nje, akawa mpole kama siku za uchumba. "Mama watoto, huyu mwanamke simwelewi. Kazi yake ni kuchezea kompyuta kama mtoto. Wewe sema neno moja tu, kwamba hafai, nimrudishe kwao. Nyumba itakuwa yako peke yako kama zamani."

Jamani! Neno lile ndilo nililolililia mwaka mzima alipoolewa. Ningeuza hata pasi yangu kulisikia. Sasa limekuja, limevaa vizuri, wakati silitaki tena.

"Anafaa," nikasema. "Kuliko wengi ninaowajua."

"Mmeshaungana."

"Tumeshaambiana kweli, baba watoto. Si kuungana."

Akaingia kwa Karani. Nilisikia sauti yake ikiamuru kompyuta itoke nyumbani. Na Karani, yule asiyenuna, akajibu taratibu, "Itoke, mume wangu. Tutakaa tuongee hivihivi."

Jibu hilo ndilo lililofanya aachwe. Jioni aliitwa shemeji, ndugu wa mume, awe shahidi, talaka ikasemwa ukumbini, mlango wangu ukiwa wazi na mlango wake ukiwa wazi. Mimi hakuniacha. Nina watoto wake, na pasi yangu ndiyo inayolisha nyumba akiwa barabarani. Karani hakuwa na mtoto, kwa hiyo alikuwa rahisi kubebeka. Nilisema mbele ya shemeji kwamba mwanamke huyu hana kosa. Shemeji akaangalia viatu vyake. "Shemeji, haya ni mambo ya mtu na mkewe," akasema. Kana kwamba mimi mume huyo nilikuwa namsikia redioni.

Asubuhi mkokoteni ukaja. Begi lilelile, kompyuta ileile. Nilimsindikiza mpaka barabarani, watoto nyuma yetu wakilia.

"Kijiji chetu kimeingia kiangazi, dada," akasema. "Tulibakiza maji kidogo."

"Endelea nacho. Cheza upande wangu na wako."

Akatikisa kichwa. "Nitaona kila kitu, halafu nitakuwa sina wa kumuuliza."

Nilimshika mkono, mwenye mkokoteni akasukuma.

Alirudi kwa shangazi, kwenye sahani ileile ya masimango. Baadaye nikasikia ameolewa mbali na mtu mzima mwenye watoto wakubwa, zaidi ya hapo sijui. Kuuliza nimekatazwa, na wa kunipelekea salamu sina.

Siku ile niliporudi kutoka barabarani nilimkuta mume amekaa ukumbini, amenyoosha miguu, anangoja chakula. Chumba cha ng'ambo kilikuwa kimefagiliwa, Karani alikifagia mwenyewe kabla ya kuondoka. Nikampakulia. Akala, akashiba, akajifuta mdomo.

"Unaona?" akasema. "Sasa nyumba imetulia."

Imetulia kweli. Mpaka leo watoto wakitoka, nasikia mkaa ukipasuka ndani ya pasi.