Tulipoacha Kuhesabu Ndoo

Katika ukame mmoja wa miaka ya tisini, kisimani Elwak, wanaume tulijipanga kutoka majini hadi juu, tukipandishiana ndoo kwa wimbo. Mjomba wangu, msimamizi wetu, alihesabu ndoo tu. Tukaharakisha wimbo, ndoo zikaongezeka, naye akajisifu. Lakini zilifika juu zikiwa nusu, na ngamia, wakiwa bado na kiu, hawakutoka horini mpaka wafukuzwe kwa fimbo.

Nilichoka. Nikamwambia mjomba, “Abti, achana na ndoo. Tazama ngamia.”

Alinuna. Nikaanzisha wimbo wa polepole na kukataa kuuharakisha. Wenzangu wakaufuata, maji yakaacha kumwagika.

Jioni mjomba aliuliza tumetoa ndoo ngapi. Hakuna aliyejua. Ngamia walikuwa wameshashiba maji na kuondoka wenyewe, bila fimbo ya mtu.