Paa la Mheshimiwa

Upepo wa ziwani uling'oa mabati matatu juu ya chumba chake cha kulala, na katika wadi nzima hakupatikana fundi wa kupanda kuyarudisha. Na huyu alikuwa mbunge. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika eneo letu, akachaguliwa tena mara ya pili, na kutoka barabara ya Busia hadi ufukweni hukosi shule yenye darasa aliloliezeka yeye. Lakini mume wake alikuwa amekufa zaidi ya miaka kumi nyuma, na yeye alikataa kurithiwa na ndugu wa marehemu au na mwanamume mwingine yeyote. Kwetu nyumba ya mjane asiyerithiwa haiguswi. Anayeitengeneza anahesabiwa kuwa ndiye mrithi wake, ndiye jater. Akikana, chira itamshika: atakonda, atakohoa, atakufa, na matangani watu watasema walimwonya.

Mimi sikuogopa chira. Niliacha shule darasa la sita na tangu hapo sikukaa mahali. Nimebeba barafu ya samaki Luanda Kotieno, nimepasua mawe Kisian, nimepaka rangi nyumba za kupanga Migosi. Kila nilipofika nilitaka kujua watu wa pale wanaishije, na nikishajua, nachoka, naondoka. Wakati huo nilikuwa mtu wa kipaza sauti kwenye gari lake la kampeni, wiki tatu kabla ya kura za mchujo za chama. Aliponiuliza kama naweza kupiga misumari, nilisema naweza.

"Unajua watasema nini?" aliniuliza.

"Watasema nimepiga misumari, Mama."

"Watu wa huku hawajawahi kusema kitu kifupi hivyo."

Akanipa masharti. Ngazi ikae nje. Chakula niletewe nje. Nisivuke mlango wake, hata mvua inyeshe. Aliyajua mambo ya kwao vizuri kuliko wale waliomtukana kwa kuyavunja. Aliposimama mara ya kwanza, huku alikoolewa walimwambia akaombe kura alikozaliwa, na alikozaliwa wakamwambia arudi alikoolewa. Bungeni, aliniambia, mwenzake mmoja alimwomba awaletee chai, akidhani ni mhudumu. Akamletea. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akaomba nafasi ya kuzungumza, akamshukuru kwa jina mbele ya Spika kwa kumkaribisha vizuri.

Aliyeniletea chakula siku ile alikuwa mama mmoja aliyekaanga mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta yanayobaki kiwandani minofu ikishaondolewa. Ndiye aliyepikia timu yetu ya kampeni. Naye alikuwa mjane, wa miaka miwili, na wakwe zake walimsumbua kila wiki arithiwe. Jibu lake lilikuwa moja: "Mheshimiwa akikubali, na mimi nitakubali." Hapo wakaondoka. Wajane wengi pale ufukweni walikuwa wamejifunza kusema vile vile.

Nilipiga misumari hadi adhuhuri. Bati la mwisho lilihitaji mbao ishikwe kutoka chini, na tundu lilikuwa wazi. Ningeweza kuita mtu. Lakini ukweli ni kwamba tangu asubuhi nilikuwa nikichungulia. Nilitaka kuona mbunge analala vipi. Nikashuka kupitia tundu. Kulikuwa na kitanda kimoja chembamba kilichosukumwa hadi pembeni, sufuria tatu sakafuni zimejaa maji ya mvua, na hotuba zake zimeandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya shule, kurasa zimevimba kwa unyevu. Nilisoma moja. Joto lilikuwa kali, nikavua koti, nikalitundika kwenye msumari wa ukutani. Nilipomaliza kuifunga ile mbao nikapanda nilikotokea, nikafunga bati, nikashuka kwa ngazi. Koti nililisahau ndani.

Koti la mwanamume likitundikwa kwa mjane, limemaliza mambo: amerithiwa. Kwa wajane wazee ndiyo njia wanayotumia: hakuna kulala, hakuna lolote, koti tu. Nilijua hivyo tangu utotoni, na bado nililiacha.

Shemeji mkubwa wa Mheshimiwa alikuja kukagua paa, akachungulia dirishani. Nilitarajia hasira. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaita wenzake, akanishika mkono.

"Karibu nyumbani, ndugu yetu! Miaka yote hii tumebembeleza, kumbe alikuwa anangoja mbeba barafu!"

Nilisema nimelisahau tu. "Ndiyo, ndiyo," walijibu. "Hata sisi tulioa kwa kusahau." Jogoo akachinjwa. Nilikula.

Mheshimiwa aliporudi hakunigombeza. Alilitoa lile koti mwenyewe, akalitupa uani. "Jumamosi tuna mkutano Kisian," alisema. "Utapanda jukwaani. Sitaki maneno mengi. Useme hukunirithi."

Kabla ya Jumamosi habari ilikuwa imefika Kisumu. Wanaume ambao hawakuwahi kunisalimu walinivutia kiti hotelini. "Bwana Mheshimiwa, karibu chai!" "Omera, ndugu yangu, bunge likifunguliwa utakaa upande gani, serikali ama upinzani?" Mandazi yalikuja bila kuagizwa. Nilikanusha siku ya kwanza. Siku ya pili nilikanusha huku natabasamu. Kufikia Ijumaa nilikuwa nanyamaza tu, na kunyamaza kulileta chai nyingi zaidi. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniita bwana.

Ijumaa hiyo hiyo yule mama wa mgongo wazi alinifuata. Wakwe zake walikuwa wamemwambia Mheshimiwa amekubali, sasa ni zamu yake. Mtu walikuwa naye tayari, mwanamume aliyezika wake wawili, na kila mtu ufukweni alijua ni ugonjwa gani uliowaua.

"Nimewaambia wangoje kesho," alisema. "Wasikie kwa mdomo wako."

"Watasikia," nilimwambia.

Kisian watu walijaa hadi barabarani. Vijana wa mpinzani wake walikuwa mbele, tayari wanacheka. Mheshimiwa alinipa kipaza sauti, akarudi nyuma hatua moja. Kabla sijafungua mdomo kijana mmoja akapaza sauti: "Sema ukweli, Bwana! Umemrithi ama hujamrithi?"

Niliona nyuso zote zimenielekea, na nilijua kabisa neno la kusema. Lakini lilikuja jingine, zuri zaidi, na sikuweza kulizuia.

"Muulizeni yeye," nilisema. "Mimi ni raia tu. Serikali ikiamuru, natii."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walikumbatiana. Kina mama waliokuja na matawi walicheka pia, wengine wameziba midomo kwa leso. Mheshimiwa alichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akaongea kuhusu mabomba ya maji kwa dakika kumi, sentensi baada ya sentensi, na hakuna aliyesikia hata moja. Yule mama alibeba karai lake akaondoka kabla hotuba haijaisha.

Gari lilifika njia panda. Hapo Mheshimiwa akamgusa dereva bega. "Simamisha. Huyu anashuka."

Kura za mchujo alishindwa vibaya. Waliosema hawatampigia kura mwanamke asiyerithiwa hawakumpigia, na waliompenda kwa kutorithiwa hawakumpigia pia. Aliyemshinda aliniahidi kazi, kisha walinzi wake hawakunijua. Mandazi nayo yakaisha.

Niliporudi Luanda Kotieno kubeba barafu, nilimkuta yule mama anakaanga pale, amesharithiwa. Alikuwa amekonda. Nilisimama mbele ya karai lake, nikamwambia ile Jumamosi nilikuwa nafanya mzaha tu, kila mtu alijua ni mzaha.

"Wakwe zangu hawakucheka," alisema. "Walirudi nyumbani wakapanga siku."

Nikauliza hali yake. Aligeuza samaki upande wa pili, akangoja mafuta yatulie.

"Hukuombwa kudanganya," alisema. "Uliombwa hapana moja, nayo ilikuwa kweli."

Kisha akamwangalia mteja aliyekuwa nyuma yangu, akamuuliza kama anataka kichwa au mkia.