Uvumi Uliofika Jericho Kabla Yangu

Katika darasa letu la uhandisi tulikuwa wasichana wachache, na tulipoingia karakana tulijiona wachache zaidi. Wavulana walizishika mashine za kukereza vyuma tangu asubuhi. Sisi tulipewa mafagio tuzoe vipande vya chuma sakafuni, tusubiri nafasi. Nafasi yenyewe haikuja. Ndipo tukaanzisha chama chetu cha wasichana, na mwanzoni mwa miaka ya themanini nikagombea uenyekiti.

Mpinzani wangu alikuwa rafiki yangu wa karibu, msichana wa mtaa wa Makadara. Tuliahidiana kwamba yeyote atakayeshinda, hatutagombana.

Mimi nilikuwa nimeijua mashine kwa sababu mhadhiri mmoja alituachia karakana wazi jioni. Mara nyingi nilikuwa peke yangu. Mara nyingine rafiki yangu alikuja, tukapokezana. Kwenye kampeni nilisema waziwazi kwamba nilijifunza jioni, na kwamba kila msichana anastahili nafasi hiyo. Baada ya siku chache nikaanza kuona watu wakinyamaza nikiingia bwenini.

Jumamosi nilienda nyumbani, mtaa wa Jericho. Nilimkuta mama kwenye kibanda chake cha mboga sokoni, akikata sukuma wiki. Hakuinua uso.

"Huyo mwalimu wako ana mke?"

"Mwalimu gani, mama?"

"Usinifanye mjinga. Mteja wangu amenieleza mbele ya watu. Binti yake anasoma huko kwenu."

Nilimwonyesha vidole vyangu, mahali cheche zilipokuwa zimeniunguza. Akavitazama kidogo, akarudi kwenye kisu chake. Baba aliporudi kutoka kazini alikuwa ameshasikia.

"Jitoe kwenye huo uchaguzi," alisema.

"Nikijitoa, baba, watasema ni kweli."

"Na usipojitoa watasema nini?"

Nilirudi chuoni bila kula.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika darasani, wasichana pekee. Nilipomaliza kuzungumza, sauti ikatoka nyuma: "Mgombea atueleze anafanya nini karakanani jioni." Wakacheka.

"Nakereza vyuma," nilisema. "Na siyo siku zote nilikuwa peke yangu."

"Ulikuwa na nani?"

Nilimtazama rafiki yangu. Aliinamisha kichwa, akawa anakunjakunja ukingo wa sweta yake. Neno lake moja lingetosha. Nilingoja alitamke. Hakulitamka. Ningeweza kumtaja mwenyewe, lakini niliona jinsi ambavyo wangemgeukia, nikakaa chini.

Alishinda. Nilimpa mkono mbele ya wote. Baadaye alinifuata kwenye ngazi, macho mekundu.

"Ningesema, wangetuchafua sote wawili," aliniambia. "Na mama yangu ana presha."

"Wangu naye yuko sokoni kila siku," nilimjibu. "Anawauzia mboga haohao wanaonisema."

Akalia. Sikumbembeleza.

Mhadhiri yule, kwa kuhofia jina lake, alianza kufunga karakana jioni, na tukipishana alitazama upande mwingine. Nikawa sina mashine tena. Kwa miezi sikugusa chuma, nikaona mikono yangu inasahau.

Lakini rafiki yangu alikwenda ofisi ya mkuu wa chuo, akarudi, akaenda tena, mpaka wasichana wakatengewa saa zao za karakana, mchana kweupe, mlango wazi. Mafagio yakaachiwa wengine. Sijui kama mimi ningeweza kuwa na subira kama yake.

Nilizitumia saa hizo hadi nikamaliza masomo. Nyumbani baba hakuligusa tena suala lile, wala hakusema aliniamini. Mama alibadilisha mazungumzo kila nilipolianzisha.

Wasichana wa mwaka wa kwanza walizoea kunizunguka mashineni, wakitazama namna ya kuingiza kisu cha kukerezea kwenye chuma. Siku moja mmoja wao akasema, "Mwenyekiti wetu ametutendea wema sana, dada."

"Ndiyo," nilimwambia, kwa kuwa ni kweli. Kisha nikamwomba asogee, cheche zisimfikie.